Wajina Wote wa Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na ndugu wengi ambao hawakuwahi kumjua. Wengine walikufa karne nyingi kabla hajazaliwa, wengine waliishi nchi za theluji, na mmoja, kwa kadiri nilivyoweza kupata habari zake, huenda hakuwahi kuishi kabisa. Kilichowaunganisha na mjomba ni jina. Alibatizwa na padre mmoja mzee kwenye misheni yetu huku juu, upande wa Mgeta, na kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya mtakatifu fulani, mtoto akapewa jina la mtakatifu huyo. Hakuna aliyeulizwa. Jina lenyewe ni la kawaida mno. Ukisimama sokoni Morogoro mjini ukaliita kwa sauti, watageuka wauza nyanya watatu na askari mmoja. Lakini mjomba aliliona kama shamba la urithi: alitaka kujua mipaka yake iko wapi na nani mwingine analima humo.

Mama yangu alikuwa dada yake wa pekee, na mimi ni mtoto wa pekee wa mama. Mama alipofariki nilikuwa darasa la pili. Baba alikuwa Kisaki kwenye kazi yake ya reli, kwa hiyo mjomba akanichukua. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Kama nisingechukuliwa ndipo watu wangeuliza. Mjomba alikuwa na watoto wake mwenyewe, lakini hao ni wa ukoo wa mama yao, na majina ya watoto wao yalitoka huko huko. Katika ukoo wetu, baada yake yeye, nilibaki mimi tu.

Shamba lake lilikuwa limechongwa ngazi ngazi ubavuni mwa mlima, na kila ngazi aliipa mwenyewe wake, mmoja wa wale wa jina lake. Ya juu kabisa ilikuwa ya Mtakatifu, kwa heshima, ijapokuwa udongo wake ulikuwa mbaya na karoti zilitoka zimepinda. Iliyofuata ilikuwa ya Mshairi, mtu wa pwani wa zamani. Muuza dagaa mmoja alimsimulia mjomba kwamba mtu huyo alifungwa kwa ajili ya shairi, akaendelea kutunga humo humo gerezani. Chini yake ilikuwa ya Mfalme. Halafu Mwanafalsafa, ambaye habari zake zililetwa na padre kijana aliyetoka masomoni. Padre alieleza kwamba mtu huyo alikaa chumbani miaka mingi akiwaza kama kiti alichokalia kipo kweli.

"Na kiti kilikuwepo?" mjomba aliuliza.

Padre akasema jambo hilo halikupata kuamuliwa. Mjomba akafikiri, akampa Mwanafalsafa ile ngazi yenye mawe mengi. "Huyu apate kitu cha kugusa," alisema.

Basi mimi nilikua nikisikia maneno ambayo watoto wengine hawakuyasikia. Leo tunapalilia kwa Mfalme. Kwa Mshairi kabichi zimeingia wadudu. Nani kaacha jembe kwa Mwanafalsafa? Siku moja redio ikatangaza kwamba jambazi mmoja amekamatwa, na jina lake ni hilo hilo. Mke wa mjomba alicheka mpaka akaketi chini. "Haya, na huyu naye mpe ngazi." Mjomba akampa kweli, kipande kidogo karibu na choo, akapanda maboga. Alisema ukoo usio na mwizi haujahesabiwa vizuri.

Wa karibu kuliko wote alikuwa katekista wa kwanza wa milima yetu, naye wa jina lile lile. Inasimuliwa kwamba alitembea kwa miguu mpaka Kisaki akibeba kengele, na porini akakutana na simba. Akagonga kengele, akaanza kusali Nasadiki, na simba akaketi kama mkatekumeni anayengoja ubatizo, mpaka sala ikaisha. Hivyo ndivyo mjomba alivyosimulia. Jirani yetu, bibi mmoja mwembamba mwenye sauti ya filimbi, alikuwa na simulizi yake. Kwa maelezo yake, simba aliketi kwa sababu alikuwa ameshiba, na aliyemshibisha ni mwenzi wa safari wa katekista, ambaye hakuna anayemkumbuka kwa kuwa hakuwa na jina la mtakatifu.

Mjomba hakuweza kumjibu vibaya, kwa maana bibi yule ni mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Mtani atakutukana mbele ya askofu, atamkamata jogoo wako na kumchinja, atavaa nguo zako siku ya msiba wako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, umeshindwa. Kwa miaka yote niliyokaa pale, alipita uani kila asubuhi akiuliza kama ndugu wa kusimuliwa wa mjomba wameleta chumvi.

Nikasoma, nikawa mkutubi katika shule moja ya sekondari mjini. Nakiri kwamba kazi hiyo niliipenda nusu kwa ajili yake. Kila nilipopanda mlimani nilimpelekea mmoja: mwandishi aliyeandika akiwa amelala kitandani kwa sababu ya mgongo, mganga wa zamani aliyechora mfupa wa sikio, mtu wa hekaya aliyevuka jangwa akimbeba punda wake. Mjomba aliwapokea wote na kuuliza maswali yale yale. Alikuwa na mama? Alilima? Alikufaje?

Kisha nikaolewa na mtu wa Kanda ya Ziwa, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari kule Turiani. Ni mtu mpole. Akijikuta kati ya mama yake na mimi, hukumbuka ghafla kwamba pikipiki haina mafuta. Kwao mtoto ni wa baba, na jina hutoka kwa baba. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, akapewa jina la baba mkwe, marehemu. Wa pili, wa kike, akapewa la shangazi wa mume wangu, naye marehemu. Mara zote mbili mjomba alishuka na gunia la kabichi na kuku wawili, akamshika mtoto, akauliza anaitwa nani, akasema, "Jina zuri." Nilikuwa nimemsikiliza mzee huyu tangu nina miaka minane, nilijua anachobakiza anaponyamaza.

Kwetu, jina la mjomba humpata mtoto wa mpwa wake, na humpata mjomba angali hai, ili alisikie likiitwa uani kabla hajaondoka. Lakini mwenyewe haombi. Mzee akiomba jina lake apewe mtoto amejidhalilisha, ni sawasawa na kuomba alishwe. Husubiri mpwa aseme. Na mpwa alikuwa mimi, nami nilikuwa na mume, na mume alikuwa na mama.

Mimba ya tatu ilinijia nikiwa na miaka arobaini na moja, wakati tulishagawa nguo zote za kitoto. Mwaka huo huo moyo wa mjomba ukaanza kumsumbua. Mkewe alikuwa ameshatangulia. Alishuka mjini kutibiwa, akakaa kwetu, na mchana mmoja wa mvua aliniomba nimtafute wajina wake kwenye simu. Nikaandika lile jina. Ikatoka orodha ndefu, ukurasa baada ya ukurasa: waandishi, wanafikra, wafalme, watakatifu, wachezaji mpira, watu wa hekaya. Mjomba akavuta kiti karibu.

"Soma," alisema.

Nikasoma mmoja mmoja. Kila jina lilifuatwa na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Baada ya muda akaninyooshea kidole. "Huyo umemsomea mwaka mmoja tu."

"Huyo yuko hai, mjomba. Anacheza mpira Ulaya."

"Anasema lugha gani?"

"Sijui. Ya huko kwao."

Akatazama mvua dirishani. "Basi huyo hatafika kunizika," alisema, akaomba chai.

Jioni ile nilimwambia mume wangu kwamba mtoto huyu akiwa wa kiume ataitwa jina la mjomba, na sitaki mjadala. Akampigia mama yake. Jibu lilirudi kwa neno moja: hapana. Nilikasirika vibaya. Niliona ni kiburi cha watu wanaodhani mtoto hutoka mgongoni mwa baba kama kifurushi. Kwa miezi iliyobaki nilimjibu mama mkwe kwenye simu kwa maneno ya ofisini, nimepokea, nashukuru, tutawasiliana.

Mtoto alikuwa wa kiume. Nilijifungulia hospitali mjini, halafu nikapanda mlimani kukaa uzazi kwa mjomba, na aliyenikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji alikuwa bibi mtani. Alinikanda kwa nguvu za kisasi. Mjomba alikuwa anakaa kibarazani, anamtazama mtoto, anamwita "mgeni." Hakusema neno lingine.

Siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina ilipofika, mume wangu akaja na mama yake, mwanamke mrefu, mtaratibu, rozari mkononi. Alikuja na jina la kaka yake aliyefariki. Majirani walijaa uani, ubwabwa ulikuwa jikoni. Nilipofika mlangoni na mtoto mikononi, bibi mtani alitokea ubavuni, akamchukua mtoto kama anayechukua sahani ya mtu aliyemaliza kula, akashuka naye shambani. Aliteremka mpaka kwa Mshairi, akaketi katikati ya kabichi.

"Nimeokota mtoto," alitangaza kwa sauti yake ile. "Hana jina. Wajina wake aje amchukue."

Watu wakacheka. Mume wangu akashuka na jogoo wa kumkombolea, kama desturi ilivyo. Bibi akasema jogoo wa nyumba hii alishamla mwezi uliopita. Akapelekewa chumvi, akapelekewa kanga mpya. Akakataa. Mama mkwe alikuwa amegeuka rangi. "Mtoto ameibwa mbele ya baba yake na nyie mnacheka? Mwiteni mwenyekiti wa kijiji."

Nikamweleza kwamba mwenyekiti naye ni yule pale anayecheka, na kwamba kwa mtani hakuna mashtaka. Sikumweleza kwa upole. Nilikuwa nafurahi moyoni, nasema leo atajua yuko milima ya nani.

Akanitazama kidogo, akavua viatu, akakaza kanga, akaanza kushuka mwenyewe. Nikamfuata, nikihofia asiteleze. Bibi mtani akamngoja mpaka akafika. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame, mama," alimwambia.

Mama mkwe akainama kweli. Akaketi kwenye udongo na gauni lake la kanisani, akasema, "Shikamoo."

Bibi hakuwa amejiandaa kwa hilo. Ilibidi aseme, "Marahaba."

"Mnadhani nawanyima jina," mama mkwe alisema, polepole, akimtazama mtoto na si sisi. "Kwa ukoo wetu jina la mtu aliye hai halipewi mtoto. Mawili hayakai. La mtoto humsukuma mzee kaburini. Mimi sikuamini. Nilimpa mwanangu wa kwanza jina la baba yangu, baba akiwa mzima, analima. Baba hakumaliza mwaka." Akasogeza nguo usoni kwa mtoto. "Mzee huyu alinipokea kwake kama dada yake. Nampenda. Sitaki kumsukuma."

Hasira yangu yote ya miezi ile ilinitoka, nikabaki nimesimama kwenye kabichi sina pa kushika. Nilimpenda mama yule pale pale, ghafla na kwa nguvu.

Kumbe mjomba alikuwa anashuka nyuma yetu na fimbo yake, akipumzika kila ngazi. Alifika amekwisha pumzi. Tukangoja apumue.

"Mkwe wangu," alisema, "wajina wangu karibu wote nimewasikia wakiwa wameshakufa, na walio hai hawanijui. Wote nawaombea mimi. Siku nikienda, sina hata mmoja wa kunisindikiza. Nisukume tu, mkwe wangu. Daktari amesema moyo wenyewe umechoka. Ni afadhali nisukumwe na mtoto kuliko kikohozi."

Majirani huko juu uani wakatazamana. Hatukushtushwa na habari za kifo. Mzee alikuwa ameomba. Ameomba jina lake, mbele ya mkwe na majirani, jambo ambalo wazee wetu hawalifanyi, na kila mmoja alikuwa amelisikia. Niliona akiinamia fimbo yake, nikajua naye amesikia alichosema. Nilitamani ardhi inifunike mimi badala yake.

Bibi mtani akatema mate pembeni. "Hakuna aliyeomba hapa," alisema. "Jina nimelichukua mimi, tangu asubuhi. Mtani haombi. Na wewe mzee, unakuja kunidandia kwenye wizi wangu, umetumwa na nani? Panda juu ukakae."

Watu wakacheka, kicheko kikubwa, cha kushukuru. Mjomba naye akacheka, akainua uso. Miaka yote ile nilikuwa nadhani bibi yule anamkejeli mjomba kwa kuwa desturi inamruhusu. Siku ile niliona kwamba alikuwa akimlinda.

Mama mkwe akampokea mtoto. Rozari ikining'inia mkononi, akainamisha mdomo kwenye sikio la mtoto na kusema jina, mara moja, kwa sauti ambayo hata mimi niliyesimama karibu sikuisikia. "Nimempa," alisema. "Lakini mzee akiwa hai, kinywa changu hakitaliita mbele za watu. Hilo mniachie."

Tukamwachia. Mjomba hakusukumwa, au kama alisukumwa basi alishikilia mlango. Aliishi karibu miaka miwili, zaidi ya alivyokadiriwa. Kila shule ilipofunga nilipanda na mtoto. Alipoanza kutembea, mjomba alikaa kibarazani na kuita jina lake mwenyewe kuelekea shambani, kwa kunogewa, hata asipokuwa na haja, na kutoka katikati ya majani kikatokea kichwa kidogo. Wakati mwingine aliita mara kumi. Ningemkataza mtu mwingine yeyote kumsumbua mtoto hivyo. Mama mkwe alipiga simu kila Jumapili na kuuliza kwanza, "Mzee hajambo?" Akishajibiwa ndipo aliuliza, "Na bwana mdogo?" Alimwita bwana mdogo tu.

Masika iliyopita mjomba alilala mchana akiwa amemenya nusu ya njegere, akapitiliza. Nililia kama mtoto wa darasa la pili, na sikuona haya.

Mama mkwe alisafiri kutoka Ziwa akafika asubuhi ya mazishi, miguu imevimba kwa basi. Uani bibi mtani alikuwa amevaa koti na kofia ya marehemu, ameshika fimbo, anawapigia kelele waombolezaji kwamba wamekuja kula na kwa Mfalme hakujapaliliwa. Watu walicheka huku wakifuta machozi, na ndiyo kazi ya mtani. Baada ya hapo alivua koti, akalikunja vizuri, akanipa mimi, akaenda kusimama nyuma ya watu wote peke yake.

Makaburini mvua ilikuwa manyunyu. Nilimbeba mtoto ubavuni. Padre alifungua kitabu, akasali, akafika pale panapotajwa marehemu, akalisoma jina kwa sauti.

"Naam," mtoto akaitika.

Padre akainua macho kutoka kitabuni. Mtu mmoja akacheka na kicheko kikamgeukia kilio. Mimi nilimtafuta mama mkwe kwa macho, maana nilijua anachoamini, na nilijua mtoto ameitikia mwito akiwa mdomoni mwa kaburi. Alikuwa anapita katikati ya watu kuja kwetu, haraka, kwa miguu yake ile mibovu. Nikadhani anakuja kumfunika mtoto mdomo. Nikamsogeza mtoto kwake, nikasema moyoni, mfunike tu, mama.

Akamshika mashavu kwa mikono miwili. Akamwita kwa jina, mbele ya padre na kijiji kizima.

"Itika tena, baba," alimwambia. "Kwa nguvu. Mzee hajasikia."